Kuchagua chuo cha mapishi: niangalie nini kabla sijalipa ada?

Kisu_Kipya

Habari zenu wakuu. Naomba mwongozo kwa wanaoyajua mafunzo ya upishi kwa undani. Lengo ni kufanya kazi kwenye jiko la hoteli au mgahawa mkubwa, na baadaye kusimamia jiko. Baada ya kuchuja nimebakiwa na vyuo viwili.

Chuo A: cheti, miezi 9. Wiki 30 za masomo, kisha wiki 8 za mafunzo kazini. Darasa lina wanafunzi 24 na majiko 6. Vitendo ni siku 3 kwa wiki, saa 4 kila siku.

Chuo B: diploma, miaka 2. Kila mwaka una wiki 30 za masomo, na mwishoni kuna miezi 4 kazini. Darasa lina wanafunzi 16, kila mmoja na jiko lake. Mwaka wa kwanza vitendo ni siku 1 kwa wiki, wa pili siku 3, saa 5 kila siku. Ada ni mara mbili na nusu ya Chuo A.

Vyote vina vipeperushi vizuri na picha za sahani za kupendeza. Nikienda kuvikagua niangalie nini, na niulize maswali gani ambayo hayajibiki kwa maneno matamu?

Mwiko_Mrefu

Mkuu, umefanya vizuri kuleta takwimu, maana jibu liko humo humo. Anza na saa ambazo mkono wako wewe utakuwa kwenye sufuria. Saa zilizoandikwa kwenye ratiba ni jambo jingine.

Chuo A: siku 3 mara saa 4 mara wiki 30 ni saa 360. Lakini wanafunzi 24 kwenye majiko 6 ni watu wanne kwa jiko. Wakipokezana kwa haki, kila mmoja anapata saa 90. Chuo B: mwaka wa kwanza saa 150, wa pili saa 450, jumla 600, na jiko ni lako peke yako. Ada ni mara mbili na nusu, saa za kupika ni zaidi ya mara sita. Kwa hesabu ya saa moja moja, chuo kinachoonekana ghali ndicho cha bei nafuu.

Halafu punguza muda wa onyesho. Mwalimu akipika mbele ya darasa kwa saa nzima na nusu saa ya mwisho ikawa ya kuosha vyombo, kipindi cha saa 4 kimebaki saa 2 na nusu. Waulize wazi: katika kipindi kimoja, onyesho linachukua dakika ngapi?

Swali la pili ni malighafi. Nani ananunua, na kila mwanafunzi anapewa kiasi gani? Darasa la watu 24 likiletewa kuku 4, wanne ndio watakaojifunza kumkata na 20 watajifunza kutazama. Kiwango cha kuridhisha ni kila mwanafunzi kuku wake mzima, amgawe vipande 8, na zoezi lirudiwe mara kadhaa ndani ya muhula. Kumkata kuku vizuri ni kuvijua viungo vyake: unavuta paja nje, unalikunja kinyume mpaka kichwa cha mfupa kitoke kwenye nyonga, kisha kisu kinapita hapo bila kugonga kitu. Kisu kikikwama maana yake umeingia kwenye mfupa badala ya kiungo, na ukilazimisha unabakiwa na vipande vya mfupa kwenye nyama. Hilo halifundishwi kwa picha, linazoeleka kwa kurudia.

Kwa hiyo usidanganywe na orodha ndefu ya vyakula. Chuo kinachojisifu kwamba mwanafunzi atapika vyakula 200 kwa miezi 9 maana yake kila kimoja atakipika mara moja tu. Bora vyakula 40 vilivyorudiwa mpaka vikatoka sawa kila siku.

Moto_wa_Chini

Naunga mkono hesabu ya Mwiko_Mrefu, ila kupika kwa kundi sio hasara tupu. Jiko kubwa lenyewe linaendeshwa kwa vitengo. Mfumo ambao Auguste Escoffier (1846–1935) aliueneza kwenye hoteli za Ulaya bado ndio unaofuatwa sehemu nyingi: mmoja anashika sosi, mwingine samaki, mwingine mboga, mwingine vyakula baridi, mwingine keki na mikate, na juu yao kuna mpishi mkuu na msaidizi wake. Mtu aliyezoea kupika peke yake toka mwanzo hadi mwisho anapata shida akiingia humo. Kwa hiyo Chuo A waulize kama wana ratiba ya mizunguko iliyoandikwa, yenye jina la kila mwanafunzi na kitengo chake kila wiki. Kama haipo, wanafunzi wepesi watang'ang'ania moto na wapole wataosha sufuria miezi 9.

Uliza pia kama chuo kina mgahawa wa mafunzo unaohudumia wateja wa kweli. Hapa vyuo vingi vinapwaya. Darasani unapewa saa 2 za kuandaa sahani moja. Kazini oda inaingia na sahani inatakiwa itoke ndani ya dakika 12 au 15, zikiwa zimefuatana oda nyingine nane. Tofauti hiyo haizibwi na nadharia. Inazibwa na maandalizi ya awali: vitunguu vimeshakatwa, sosi iko tayari na moto wake umepimwa, nyama imegawanywa kwa uzito, kila kitu mahali pake kabla mlango haujafunguliwa.

Kuhusu kukagua, nenda siku ya vitendo, saa ya mwisho ya kipindi, siyo siku ya maonyesho ya wazi. Wakati huo watu wamechoka na tabia halisi ya jiko inaonekana. Angalia kama pana sinki la kunawia mikono peke yake, lenye sabuni na karatasi za kukaushia. Wakinawa kwenye sinki lile lile la kuoshea mboga, usafi wanaufundisha kwa mdomo tu. Angalia mbao za kukatia: mbao za rangi tofauti kwa nyama mbichi, samaki, mboga na vyakula vilivyopikwa. Rangi hutofautiana kati ya mfumo na mfumo, muhimu ni kwamba kila moja inatumika kwa kazi yake na haijachimbika mifereji ya kisu, maana kwenye mifereji ndimo vijidudu hukaa.

Fungua friji kama watakuruhusu. Nyama mbichi iwe rafu ya chini kabisa, isije ikadondokea chakula kilicho tayari. Vyombo vyote viwe na tarehe. Mlangoni pawe na karatasi ya joto iliyojazwa leo, isiyozidi nyuzi 5 za Selsiasi. Ukikuta karatasi ya wiki nzima imejazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja na namba zile zile, hiyo imejazwa kwa mkupuo. Na mwombe mwanafunzi yeyote akuonyeshe kipimajoto cha chakula. Akianza kukitafuta, umeshapata jibu.

SosiHaikatiki

Hayo ya vifaa yameelezwa vizuri. Mimi naweka mkazo kwa mwalimu, kwa sababu jiko zuri lenye mwalimu asiyejua kueleza sababu linatoa wapishi wa kukariri. Omba muhtasari wa kozi ulioandikwa, wiki kwa wiki, halafu soma mpangilio wake. Mpangilio wenye mantiki unaanza na usafi na kisu, unafuata supu ya mifupa, kisha sosi, kisha mbinu za moto moja moja (kuchemsha, kupika kwa mvuke, kukaanga, kuoka, kubanika, kupika taratibu kwenye mchuzi), mayai, kuchambua nyama na samaki, ndipo menyu kamili. Ukiona wiki ya tatu wako kwenye mapambo ya sahani, ujue wanapika kwa ajili ya picha.

Halafu ongea na mwalimu mwenyewe, kwa adabu, umuulize maswali mawili.

La kwanza: supu ya mifupa inakuwa na ukungu kwa nini? Ajibu kwamba imechemshwa kwa nguvu, mafuta na povu vikavurugika na kuchanganyika na maji badala ya kuelea yakaenguliwa. Au ilianzishwa kwa maji ya moto, protini ikaganda ghafla kwa vipande vidogo vidogo badala ya kupanda juu taratibu. Mwalimu mzuri atakupa na vipimo: kwa lita 4 hivi za supu, mifupa kilo 3.6, maji baridi lita 6, mboga gramu 450 ambazo nusu yake ni vitunguu na nusu iliyobaki karoti na seleri. Mifupa ya kuku saa 3 hadi 4, ya ng'ombe saa 6 hadi 8, ya samaki dakika 30 hadi 45 tu, ikizidi hapo inaingia uchungu.

La pili: sosi ya viini vya mayai na siagi, ile ya holandezi, inakatika (siagi inajitenga na viini) kwa nini na inaokolewaje? Ikikatika kwa joto, viini vimepita karibu nyuzi 70 vikaanza kuwa mayai ya kuvuruga, na hiyo haiokoki. Ikikatika kwa haraka, siagi imemiminwa kabla kiini hakijaishika. Hiyo inaokoka: weka kiini kipya na kijiko cha maji ya uvuguvugu kwenye bakuli safi, piga, kisha rudishia sosi iliyokatika kidogo kidogo kama unaanza upya. Mwalimu anayekutenganishia hali hizo mbili atakufundisha kufikiri. Anayesema "inategemea na bahati ya mkono" mshukuru na uondoke.

Uliza pia wanavyosahihisha. Je, mwalimu anaonja sahani ya kila mwanafunzi na kumwambia chumvi imepungua, moto ulikuwa mkubwa, kata zako hazilingani? Kata zisizolingana haziharibu sura peke yake. Kipande cha milimita 3 kinaiva na kuungua huku cha milimita 10 bado kigumu katikati. Mwalimu mmoja anaweza kuonja na kusahihisha wanafunzi 12 hadi 16 kwa kipindi. Kwa 24 anahitaji msaidizi anayejua kazi.

Kisu_Kipya

Asanteni sana, nimeandika yote. Maswali mengine mawili. Chuo A wamesema nadharia yote sasa inafundishwa mtandaoni, je ni dosari? Na kuna jamaa anashikilia kwamba chuo ni kupoteza pesa, niingie jikoni moja kwa moja kama msaidizi nijifunze humo.

Moto_wa_Chini

Nadharia mtandaoni haina shida kwa hesabu za gharama, kanuni za usafi, lishe na majina ya vitu. Ni dosari tu kama saa hizo wanazihesabu ndani ya zile za vitendo. Hakikisha saa 360 ulizotajiwa zote ni za ndani ya jiko.

Angalizo moja la nadharia: somo la usalama wa chakula lisiwe la siku moja. Ukimaliza uwe unazijua kanuni 7 za HACCP (mfumo wa kutambua na kudhibiti hatari kwenye chakula) na kuzitumia, siyo kuzitaja. Mfano mdogo: sufuria kubwa ya mchuzi wa moto haiingizwi friji ikiwa nzima, kwa sababu katikati yake itabaki na joto usiku kucha. Inagawanywa kwenye trei za kina kifupi au inakalishwa kwenye maji ya barafu, ishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, na kutoka 21 hadi 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Chuo kinachopika kila siku kina mabaki kila siku. Waulize wanayapozaje.

Mwiko_Mrefu

Kuhusu jamaa yako, ndugu, hajakosea kabisa. Wapishi wengi hodari wametokea jikoni moja kwa moja. Tatizo ni kwamba jiko la biashara linakufundisha kile linachokihitaji leo. Ukiwa mwepesi kwenye viazi utamenya viazi, kwa sababu ndiko unakoleta faida, na hakuna anayewajibika kukuhamisha.

Nchi zilizolichukulia jambo hili kwa uzito zimeunganisha vyote viwili. Ujerumani mafunzo ya mpishi ni miaka 3: mwanafunzi ameajiriwa kwa mkataba jikoni, analipwa posho, na anakwenda shule ya ufundi kwa vipindi vilivyopangwa, kisha anafanya mtihani unaosimamiwa na chombo kilicho nje ya mwajiri wake. Kama kwenu kuna uanagenzi wa namna hiyo, uweke kwenye mizani pamoja na A na B.

Jambo ambalo jikoni peke yake ni vigumu kulipata, nawe unataka kusimamia jiko, ni hesabu. Samaki mzima wa kilo 4 akitoa minofu kilo 1.8, mavuno ni asilimia 45. Kama kilo ya samaki mzima imenunuliwa kwa 900, kilo ya minofu imekugharimu 900 gawanya kwa 0.45, yaani 2,000. Kipande cha gramu 180 ni 360. Ukitaka gharama ya chakula iwe asilimia 30 ya bei, hicho kipande peke yake, bila sosi wala mboga, kinataka bei ya 1,200. Anayekokotoa kwa 900 atauza kwa hasara huku mgahawa umejaa watu. Muhtasari usio na somo hili haukuandai kusimamia jiko, hata uwe na mapishi mazuri kiasi gani.

Karatasi_Kwanza

Nimesoma yote, na nakubaliana nayo, ila hakuna aliyegusa usajili na mkataba. Dada/kaka, kabla ya shilingi, dola au fedha yoyote kutoka mfukoni, fanya haya.

Thibitisha usajili kwa mamlaka ya mafunzo ya nchi yako, kwa mamlaka yenyewe, usitegemee cheti kilichobandikwa ukutani. Na uulize vitu viwili tofauti: chuo kimesajiliwa? Na kozi hii, kwa ngazi hii, imeidhinishwa? Chuo kinaweza kuwa na usajili halali huku diploma yake mpya bado haijaidhinishwa, na cheti chako kikakataliwa ukitaka kuendelea mbele. Kutambuliwa na chama cha wapishi, hata kiwe kikubwa kama Worldchefs kilichoanzishwa Paris mwaka 1928, ni jambo zuri ila halichukui nafasi ya idhini ya serikali. Na neno "tunashirikiana na" halina uzito mpaka uone ushirikiano wenyewe ni wa nini: mtihani, walimu, au nembo tu.

Jina kubwa pia lisikupumbaze. Le Cordon Bleu ilianza Paris mwaka 1895 na ipo mpaka leo, lakini kampasi zilizokuwa zikitumia jina hilo nchini Marekani chini ya kampuni nyingine zilifungwa kufikia mwaka 2017. Kampasi utakayosoma ndiyo unayotakiwa kuikagua: walimu wake, jiko lake, wahitimu wake.

Omba orodha kamili ya malipo kwa maandishi. Ada ni sehemu tu. Kuna malighafi, sare (angalau seti mbili, kwa sababu moja iko kwenye maji), viatu visivyoteleza, visu, ada ya mtihani, bima, uchunguzi wa afya, na nauli ya kwenda mafunzo kazini. Ukijumlisha vyote, pengo kati ya A na B linaweza kuongezeka au kupungua sana. Soma kifungu cha kurudishiwa ada: ukiacha wiki ya pili unarudishiwa kiasi gani, na chuo kikifuta kozi je?

Mafunzo kazini nayo yawe na karatasi. Nani anakutafutia nafasi, chuo au wewe mwenyewe? Msimamizi wa chuo anakuja mara ngapi? Kuna daftari la kazi linalosainiwa, linaloonyesha vitengo ulivyopita? Wiki 8 zilizopangwa vizuri kwenye vitengo vinne zinazidi miezi 4 ya kuosha lettusi. Hili ndilo eneo pekee ambalo Chuo A kinaweza kukishinda B, kwa hiyo uliza vyuo vyote viwili.

Mwisho, waombe wakuunganishe na wahitimu wa miaka miwili iliyopita, kisha watafute wengine ambao hawajachaguliwa na chuo. Swali lenye faida kwao: wiki ya kwanza kazini ulishindwa kufanya nini ambacho ulitegemea chuo kingekufundisha?

UngaNaHamira

Nyongeza fupi kama moyo wako unaelekea kwenye keki na mikate. Vigezo hubadilika. Hesabu oveni badala ya majiko, na uliza kama zinashika joto lililowekwa, kwa sababu oveni inayopanda na kushuka nyuzi 20 inaharibu keki kabla mwanafunzi hajakosea. Pawe na mizani ya gramu moja kwa kila meza. Chuo kinachofundisha kuoka kwa vikombe hakikuandai kwa kazi, kwani kikombe cha unga uliochotwa kwa kushindilia kinaweza kuzidi kwa gramu 30 kile kilichojazwa kwa kijiko. Na chumba cha chokoleti kiwe na ubaridi. Chokoleti nyeusi inayeyushwa hadi nyuzi 45 au 50, inapozwa hadi 27 au 28, kisha inarudishwa 31 au 32 ndipo itumike. Kwenye chumba chenye joto la nyuzi 30 hiyo hatua ya kupoza haifanyiki vizuri, na mwanafunzi atatoka na chokoleti yenye mabaka meupe akidhani tatizo ni mkono wake.

Kisu_Kipya

Nashukuru mno wote. Naenda vyuo vyote viwili wiki ijayo, siku za vitendo, saa ya mwisho kama mlivyosema. Je, visu ninunue kabla?

SosiHaikatiki

Hapana, subiri orodha ya chuo, vingine vinatoa visu ndani ya ada. Ukilazimika kununua, usichukue seti ya visu 12. Kisu kikubwa cha sentimita 20 hadi 25, kidogo cha sentimita 8 hadi 10, cha meno kwa mikate, jiwe la kunolea na kipimajoto. Kishike dukani kabla ya kulipa: ukibana bapa la kisu kwa kidole gumba na cha shahada pale linapokutana na mpini, kisikulemee mbele wala nyuma. Na Chuo B, kwa kuwa mwaka wa kwanza wana siku 1 tu ya vitendo, waulize kama jiko linafunguliwa kwa wanafunzi siku nyingine kufanya mazoezi ya kisu na ya mayai. Wakikubali, omba waandike kwenye barua ya kujiunga.